Shubaka la Inchi Sitini na Tano

Koboko, 11 Januari 2025

Kwako Driwaru, binti ya dada yangu, karani wa Arua,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi hapa iko salama. Jua iko kali na mihogo imekauka vizuri juu ya mwamba. Goti la mke wangu Margarita bado linamsumbua, lakini yeye hakosi misa na mimi sikosi msikiti, kwa hiyo Mungu anasikia nyumba hii kupitia milango miwili. Mtoto wetu Poni ameingia darasa la sita. Anasema nikuulize kama huko Arua karani mkubwa amesahau njia ya kurudi kwa mjomba wake.

Naandika kwa sababu mambo ya simu siwezi. Unajua sikio langu la kushoto lilibaki jeshini. Nikishika simu napiga kelele, na jioni yake wauza nyanya wote sokoni wanalijua shauri langu. Barua haina kelele. Nitampa Lukumani, dereva wa gari ya mikate, na wewe utamrudishia yeye jibu.

Sasa jambo lenyewe. Nataka televisheni kubwa. Iwe kubwa kuliko ile ya kibanda cha gemu nyuma ya soko. Ioneshe mpira na habari, iweze kuleta filamu kwa intaneti kwa ajili ya Poni na mama yake, na iwe na mahali pa kuchomeka mashine ya gemu. Gemu iko kwa ajili ya wageni. Pesa iko, usihangaike nayo. Nimekuchagua wewe kwa sababu hununui hata kiberiti bila kusoma maandishi yake.

Kuhusu kijana wangu aliyeondoka mwezi wa saba, usiniulize. Najua ulisikia. Koboko yote ilisikia. Aliacha chuo wiki nzima akicheza, nikachukua mchi wa Margarita, nikaiponda ile mashine yake uwanjani mbele ya wenzake. Basi. Margarita mpaka leo hautumii mchi ule, anaazima wa jirani.

Msalimie dada yangu na shemeji Okuonzi ukifika Manibe.

Mjomba wako,
Hamuza Jale


Ediofe, Arua, 19 Januari 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika ikinukia mkate, nikaisoma mara mbili kabla ya kuvua viatu. Nyumbani Manibe wote ni wazima. Baba amepanda vitunguu na anavilinda dhidi ya kuku wa jirani kwa manati, umri wake wote ule. Mama anasema mpeleke Mama Margarita kwa daktari wa mifupa, na akikataa, mwambie dada yako ndiye aliyesema.

Mimi nipo. Kazini bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Barua zote zinazotoka ofisini hupita mezani kwangu, na kila moja naisoma mpaka macho yanauma, maana nikikosea jina la mtu, mkuu wetu hasemi neno, anaiweka tu karatasi mbele yangu na kuondoka. Afadhali angegomba.

Kwa hiyo utaelewa kwamba ombi lako lilinitia furaha na hofu kwa pamoja. Nikichagua vibaya, kosa langu litakaa sebuleni kwako, na kila mgeni ataliona. Naomba unijibu kwanza. Kiti chako kiko mbali kiasi gani na ukuta? Dirisha linatazama wapi? Umeme ukikatika, hurudi polepole au kwa kishindo? Watakaotazama kwa pamoja ni wangapi?

Mjomba, umesema nisikuulize kuhusu binamu yangu. Sikuulizi. Lakini mama alinifundisha kwamba salamu si habari. Basi kuna mtu hapa Arua anayeisalimu nyumba yako. Ni mzima, anakula, ana kazi. Hakutaja jina la yeyote, alisema tu, "Wasalimie wa huko." Nami nimefikisha.

Mpwa wako,
Driwaru


Koboko, 2 Februari 2025

Kwako Karani,

Marahaba. Vitunguu vya shemeji vimenichekesha. Mwambie askari mzuri hulala mchana na kulinda usiku, na kwa kuwa kuku hawaibi gizani, hachoki.

Margarita alifungua barua yako kabla yangu, siku hizi hana adabu. Kutwa nzima aliimba. Nilimuuliza anaimba nini, akasema anaimba tu. Zile salamu zimefika. Sina la kusema juu yake. Zimefika.

Majibu iko hapa. Nimeweka kamba ndani ya bahasha. Fundo la kwanza liko ukutani, fundo la mwisho liko kwenye kiti changu. Dirisha linatazama magharibi. Umeme hurudi kwa kishindo, mwezi jana uliua redio ya Saturnino, jirani yetu, na yeye hajamaliza kuomboleza. Watazamaji: mimi, Margarita, Poni, watoto wa majirani wasio na idadi. Na wageni.

Jambo moja. Usimuulize mwenye duka. Mwenye duka anataka kuuza. Kama huko unajua fundi kijana anayeelewa vitu hivi, muulize yeye, na hasa umuulize mambo ya gemu. Usiseme nani anauliza.

Mjomba wako,
Hamuza Jale


Ediofe, Arua, 14 Februari 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa Mzee Saturnino. Huku mvua moja ya uongo imenyesha, watu wakakimbilia majembe, kisha jua likawacheka. Mkuu wetu amesafiri wiki mbili na ofisi nzima inapumua. Mimi bado napumua nusu.

Nilikwenda dukani kwa Zubeiri jioni kadhaa baada ya kazi. Nilisoma karatasi za televisheni zote zilizopo ukutani, pamoja na yale maandishi madogo ya nyuma. Jana Zubeiri alinishika mkono akaniuliza mbele ya wateja, "Dada Karani, wewe unanunua tivi au unaichumbia? Ukija tena nitaenda kwa wazee wako kudai mahari." Watu walicheka mpaka nikatamani kuingia ndani ya boksi.

Nilimpata fundi kijana kama ulivyosema. Yuko pale pale dukani, yeye ndiye anayewafungia wateja vyombo majumbani. Sikumwambia nani anauliza. Nilimpa kamba tu.

Akaigeuzageuza mkononi. "Kamba ya nani hii?"

"Ya mzee mmoja wa Koboko."

"Mafundo haya ni ya jeshi," akasema. Akaivuta kutoka ukutani, akaweka stuli kwenye fundo la mwisho, akanikalisha. Akawasha ya inchi sabini na tano. "Unaona? Kwa umbali huu utageuza shingo kama mama anayetafuta mtoto sokoni. Hamsini na tano itakuwa ndogo kwa watoto wa nyuma. Chukua sitini na tano."

Nikamwambia kuhusu dirisha. Akasema tusichukue yenye kioo kinachong'aa, kwa sababu jioni jua litaingia na mzee atatazama mbuzi wa jirani kwenye kioo badala ya mpira. Kuhusu umeme, alisema lazima kuwe na kifaa cha kulinda chombo kati yake na soketi, na hilo si la kujadiliana. Filamu za intaneti hula bando haraka. Siku za kawaida mpunguze ubora wa picha, mtaona vizuri tu, na filamu ya Poni ipakuliwe asubuhi mtandao ukiwa mwepesi.

Kisha nikauliza juu ya gemu. Alikuwa anakunja waya, akaacha.

"Huyo mzee anataka gemu ya nini? Anapenda gemu?"

"Ni kwa ajili ya wageni."

"Wageni gani?"

Nikasema sijui. Akacheka kwa pua, si kwa furaha. Lakini alinijibu vizuri, Mjomba. Alisema kuna televisheni zenye picha nzuri ila ni nzito, unabonyeza sasa na mchezaji anapiga mpira baadaye, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akanionyesha moja iliyo nyepesi, akawasha mashine, akacheza kidogo. Watoto waliokuwa wanapita barabarani walijaa mlangoni. Ile ndiyo ninayoipendekeza.

Nilipoaga aliniita. "Yule mzee, sauti aipandishe kidogo tu, asiwaumize wengine. Mwekeeni maandishi chini ya picha. Sikio lake la kushoto ni zito."

Mjomba, sikumwambia chochote kuhusu sikio.

Sijanunua. Nangoja neno lako la maandishi.

Mpwa wako,
Driwaru


Koboko, 22 Februari 2025

Kwako Karani,

Sisi wazima. Margarita amekubali daktari, jina la dada yangu lina nguvu. Poni amekuwa wa tatu darasani na anatembea kama jenerali.

Nimesoma ripoti yako. Iko safi. Ingekuwa jeshini ungepewa utepe begani.

Inchi sitini na tano nimekubali, na sikukaa bure. Jeshini stoo hujengwa kabla ya mzigo kufika. Nimechukua matofali na simenti, nikajenga ukuta mwingine mbele ya ukuta wa sebule, na katikati nimeacha shubaka, nafasi ya kuiweka televisheni. Nimepima kwa tepu kutoka kushoto mpaka kulia, inchi sitini na tano, nikaongeza kidole kimoja kila upande ipumue. Nimelipiga lipu, nimelipaka rangi ya maziwa. Watu wanakuja kulitazama. Saturnino amesema hata bila televisheni ni kitu cha kutazama. Na mimi nikijenga, sibomoi. Unanijua.

Fundi ameuliza wageni gani. Mwambie hivi: mtu akikaa mbali na kwao miezi mingi, siku atakayoingia nyumba itamhudumia kama mgeni. Atapewa kiti, atapewa maji ya kunawa, hataulizwa kitu mpaka ale. Mwambie maneno hayo tu. Usimwambie yametoka kwangu.

Na aliyemwambia habari ya sikio langu, simuulizi.

Mjomba wako,
Hamuza Jale


Ediofe, Arua, 9 Machi 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Mwaka huu mfungo wako na Kwaresima ya Mama Margarita vimeanza wiki moja, jiko lenu lazima linadhani mmehama. Mwambie Poni nimemnunulia kalamu ya jenerali.

Nina mambo mawili.

La kwanza ni shubaka. Mjomba, inchi za televisheni hazipimwi kutoka kushoto kwenda kulia. Hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe ya chini ya upande mmoja mpaka pembe ya juu ya upande wa pili. Ya sitini na tano, kwa upana, haifiki hata hamsini na nane. Kosa ni langu, nilipaswa kukuandikia hilo. Ukiiweka ndani ya shubaka lako, itaelea kama mtoto aliyevaa koti la baba yake. Na ile ya sabini na tano, hata ikijibana humo, ni kubwa mno kwa kiti chako.

Nilipomweleza fundi, alicheka mpaka akaketi chini. "Ameshajenga? Na lipu? Na rangi?" Kila nikiitikia anaanza upya. Tangu nimjue hapa Arua sikuwahi kumwona akicheka hivyo. Zubeiri alitoka ndani kuuliza nani amekufa.

Alipotulia nikamwambia maneno yako kuhusu mgeni. Sikusema yametoka kwa nani. Hakuhitaji kuambiwa. Kicheko kilikwisha. Alisema, "Tivi inaweza kwenda na gari ya mikate. Wanaojua kuchomeka nyaya Koboko wapo." Akarudi kazini.

Hapo ndipo lilipo jambo la pili. Nimeliandika na kulichana mara nyingi, na sasa naliandika haraka kabla sijaogopa tena. Fundi ni mwanao Shafik. Wewe unajua, yeye anajua, mimi najua, na sote watatu tunazungumza habari za kioo na nyaya. Mjomba, Shafik hataki kuja kwako kama mgeni, na hataki kuja kama fundi. Mgeni huingia akaondoka, na fundi hivyo hivyo. Anangoja umwite. Umwite wewe, kwa jina lake. Hakuniambia hivyo kwa mdomo, lakini kazi yangu ni kusoma karatasi mpaka mwisho, na uso wake nimeusoma hivyo.

Nisamehe kama nimevuka mpaka.

Mpwa wako,
Driwaru


Ediofe, Arua, 5 Aprili 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Idi imepita na sikupata hata mstari mmoja. Kila Lukumani akifika namtazama mikono kabla ya uso. Wiki iliyopita alinipa mkate wa bure, nadhani kwa huruma. "Mzee hajatoa kitu," alisema, "na mimi siulizi, yule mzee ukimuuliza anakupanga mstarini kama askari."

Mama anasema ninyamaze, kaka yake hukasirika polepole na kupoa polepole. Baba anasema niombe radhi. Nimejaribu kuandika barua ya kuomba radhi. Naomba radhi kwa sauti yangu, na kwa kukufundisha wakati wewe ndiye uliyenipeleka shule. Lakini ile sentensi yenye jina la Shafik siiondoi. Nimeitafutia kosa, sikuliona.

Televisheni bado ipo dukani. Shafik ameifunika kwa shuka, akimwambia kila mteja kwamba ina mwenyewe.

Driwaru


Koboko, 10 Aprili 2025

Kwako Driwaru, mwanangu,

Marahaba. Sikukasirika. Tulia, kunywa maji.

Margarita goti limepata nafuu, amepewa dawa ya kupaka inayonuka kama pikipiki. Idi tulikula vizuri, ila meza ilikuwa pana.

Nitakuambia nilikokuwa. Nilipopata barua yako nilikaa nayo mfukoni siku nyingi. Kisha wiki ya mwisho ya Ramadhani nilipanda mbele na Lukumani, nikamwambia akifungua mdomo nitamla yeye na mikate yake kabla ya magharibi. Nilifika Arua. Sikuja kwako. Nilikwenda barabara ya duka la Zubeiri, nikasimama ng'ambo kwa wauza viatu vya mtumba. Nilijaribu viatu muda mrefu, mpaka mwenye viatu akaniuliza, "Mzee, unanunua au unafanya gwaride?"

Nilimwona. Amekonda, lakini anasimama wima. Alikuwa na bibi mmoja mzee sana, anamfundisha kutumia rimoti. Bibi anasahau, yeye anarudia. Bibi anabonyeza vibaya, yeye anacheka naye, anarudia tena. Mimi sijui alitoa wapi subira ile. Kwangu hakuipata.

Driwaru, mimi nimelala porini na risasi zikipita juu yangu. Ile barabara ina upana wa ng'ombe wawili. Sikuivuka. Nilinunua viatu ambavyo havinienei, nikarudi Koboko. Wewe unaogopa hata kalamu yako, lakini ulivuka kabla yangu. Ndiyo sababu sikuandika. Nilikuwa na aibu mbele ya karani.

Sasa sikiliza, hii ni amri. Nunua televisheni. Na barua hii mpe aisome mwenyewe kuanzia hapa.

Shafik, mwanangu. Ni mimi baba yako ninakuita. Njoo nyumbani. Kambini tulikuwa na haki moja ambayo hata koplo aliielewa: aliyevunja cha mwenzake mbele ya watu, chake nacho huvunjwa mbele ya watu hao hao. Nimejenga shubaka sebuleni, na watu wote wa hapa wamelisifu. Mimi nilivunja chako. Njoo uvunje changu. Nyundo nitakupa mimi mwenyewe. Nitawaita wote waliokuwepo siku ile, hata wale wenzako wa kibandani.

Hamuza Jale, baba yako


Ediofe, Arua, 19 Aprili 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii anakuletea mtu unayemjua, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Wote ni wazima, na vitunguu vya baba vimeshinda vita.

Nilimpa barua yako dukani. Aliisoma amesimama. Alipofika kwenye jina lake alirudi juu akalisoma tena, kisha akasema, "Mzee ana mwandiko mbaya." Akaingia stoo, akajifungia. Zubeiri akaniuliza kwa ishara kuna nini, nami nikamwonyesha kidole mdomoni. Mteja aliyekuwa anangoja kufungiwa spika alingoja sana.

Alipotoka alikuwa amenawa uso. "Atanipa nyundo kweli?"

"Ameandika."

"Mbele ya rafiki yangu Hassani na wale wa kibandani?"

"Ameandika, Shafik. Mjomba akiandika kitu umewahi kuona akikifuta?"

Hapo Zubeiri akaingilia, "Nenda mpaka sikukuu iishe. Lakini tivi isafiri imesimama wima. Ukiilaza chali, na wewe lala huko huko, usirudi." Kwa hiyo leo imepanda gari la mikate imesimama, imezungushiwa blanketi langu, na Shafik ameketi kando yake akiikumbatia kama bibi harusi. Lukumani anasema hajawahi kubeba mzigo unaopigwa busu. Alisema kwa utani, lakini mimi nilikuwa hapo, na sina hakika kwamba alidanganya.

Blanketi naomba lirudi, usiku Ediofe ni baridi. Heri ya Pasaka kwa Mama Margarita.

Mpwa wako,
Driwaru


Koboko, 21 Aprili 2025

Kwako Driwaru, mwanangu,

Blanketi iko salama, Margarita amelifua. Litarudi kesho na Shafik, maana kazi ni kazi, na Zubeiri nimemtumia kuku.

Lazima nikuambie yote, la sivyo Shafik atakuambia kwa namna yake.

Alifika mchana. Sikumpa kiti cha mgeni. Mama yake alimkuta mlangoni na sikuona kitu tena kwa muda, Margarita ni mpana. Alipomwachia, aliniamkia. Nikaitikia. Halafu sote wawili tukaitazama televisheni kana kwamba ndiyo iliyotoka safari.

Watu nilikuwa nimewaita. Hassani na vijana wa kibandani walikuja, Saturnino alikuja na stuli yake mwenyewe. Nikamkabidhi Shafik nyundo kwa mikono miwili. Akaipokea. Akalitazama shubaka, akapitisha mkono juu ya lipu.

"Baba, hii ni kazi nzuri."

"Najua."

"Tivi inakaa humu. Itabaki nafasi pembeni, lakini inakaa. Hakuna sababu ya kuvunja."

"Sababu iko," nikamwambia. "Vunja."

Akatoa tepu mfukoni, akapima chini, akapima kando, akaweka alama ya penseli upande wa kulia karibu na soketi. Akapiga. Nyundo ikaruka, ukuta ukabaki.

"Simenti gani hii, Baba? Ulikuwa unamjengea nani, kifaru?"

Watu walianguka kwa kicheko. Saturnino alianguka kweli, na stuli yake. Shafik akapiga tena, tena, vumbi likaingia ndani ya chai ya kila mtu, na tofali moja likatoka. Moja tu. Akaliokota, akalifuta, akaniwekea mkononi.

"Tofali moja kwa mashine moja," akasema. "Na nyaya zilikuwa zinahitaji pa kupita."

Nikamwambia avunje zaidi, mashine ile ilikuwa na thamani kuliko tofali. Akasema, "Baba, tumemaliza." Akapiga magoti, akaanza kupitisha nyaya kwenye lile tundu. Hassani akashika tochi. Nikaona mimi pekee ndiye niliyesimama bila kazi, nikapiga magoti na mimi, nikawa nampa kila alichoomba.

Jana Pasaka tulitazama filamu ya Poni. Leo asubuhi Shafik ametoa mashine ya gemu ndani ya begi lake. Alinunua nyingine huko Arua na hakukuambia hata wewe. Ameichomeka mbele yangu, akiniangalia kwa pembe ya jicho. Nikavuta kiti, nikauliza mpira unapigwa kwa kitufe gani. Amenifunga mabao ambayo siwezi kuandika kwenye barua ya heshima. Mchezaji wangu mmoja alikimbia nje ya uwanja na sikujua jinsi ya kumrudisha. Poni anasema ni mtoro, afikishwe mahakamani.

Ya chuo bado hatujaongea. Yeye ameanza, amesema kuna mafunzo ya ufundi wa umeme jioni huko Arua, anafikiria. Nimesema fikiria. Margarita alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi akisoma.

Jumamosi anakuja tena, na wewe njoo naye, muombe mkuu wako ruhusa. Usiogope, akikataa niandikie.

Nilitaka kukuandikia zaidi, lakini Shafik ananiita huko ndani. Anasema zamu yangu imefika, na nikichelewa anampa Poni.

Mjomba wako,
Hamuza Jale